Usiku Tulioutengeneza Adhuhuri

Kaeni sawasawa, ninyi mlio vijana, na wewe mjukuu wangu Imani, uliyeshika kalamu, andika nisemavyo wala usinipambe. Mimi sikuingia darasani kujifunza hata siku moja, lakini nimeishi shuleni miaka mingi kuliko wengi waliosoma. Kazi yangu ilikuwa ulezi katika shule ya chekechea hapa Kihesa, mjini Iringa. Niliwapokea watoto asubuhi, niliwanawisha, niliwalaza mchana, na kabla ya kuwalaza niliwasomea vitabu vya picha na kuwasimulia hadithi za wazee wetu. Nasema kuwasomea, na ninalijua neno nilitumialo. Picha nayo husomwa, na iko mistari yake ambayo mwenye haraka huiruka.

Jambo moja mlielewe mapema. Nitawaeleza kazi ya kusimulia, lakini hadithi yenyewe sitaisimulia, kwa sababu jua lingali juu. Kwetu Uhehe, habari za kazi huzungumzwa saa yoyote, ila hadithi ina saa yake. Tulipokuwa wadogo tuliambiwa kwamba asimuliaye mchana huota pembe. Mpaka leo, nikijisahau na kuanza hadithi kabla ya magharibi, mkono wangu hupanda wenyewe kunipapasa kipaji cha uso.

Ndiyo maana kazi ile ilinitia mashakani tangu siku ya kwanza. Watoto wa chekechea hurudi kwao jua likiwa bado kali. Mwalimu Adelina, aliyekuwa mkuu wa shule, aliniambia, "Mama Edda, wakimaliza uji wape hadithi, kisha walale."

"Mchana huu?" nikamwuliza.

"Mchana huu huu."

"Mwalimu, mimi nina mume. Nikirudi na pembe atanipisha mlangoni?"

Alicheka, akadhani ninamtania. Sikuwa ninamtania. Jioni ile niliyakung'uta mablanketi yangu ya kijivu, yale mazito ya msimu wa baridi, na kesho yake niliyaning'iniza madirishani mwa chumba cha kulala. Mlangoni nikatundika kitenge kizito. Nikafanya usiku saa sita ya mchana.

Natamani mngekiona chumba kile. Mablanketi yalikuwa yamechakaa, na kila palipoliwa na nondo mwanga wa nje ulipenya ukawa nyota. Watoto walioingia wakipiga kelele walishusha sauti bila kuambiwa, wakatembea kwa nyayo nyepesi kama watu walioingia nyumba yenye mgonjwa anayepata nafuu. Wenyewe walikipa jina. Walisema, "Twende usikuni." Nje miti ya milingoti ilivuma kwa upepo, ukungu ulikuwa ukiteremka polepole kutoka milimani, na ndani usikuni tulikaa kwenye mikeka tukisikia pumzi za wenzetu. Kuna siku mimi mwenyewe nilisahau kwamba jua lipo.

Baba mmoja mwenye duka Mlandege alikuja siku moja kumchukua mwanawe mapema. Akainua kitenge, akachungulia, akanong'ona, "Mama Edda, humu mmefiwa?"

"Hatujafiwa, baba. Tumechwewa na jua. Vua viatu, ukae."

Alivua. Mtoto wake alilala kabla ya hadithi kwisha, na yeye akabaki mpaka mwisho.

Mtaniuliza picha zilionekanaje gizani. Swali jema. Niliacha pembe moja ya blanketi imekunjwa, upana wa kiganja, mwanga ukaingia kama maji yanayomiminwa na kuanguka juu ya ukurasa peke yake. Mtoto akitazama kitu kimoja chenye mwanga katikati ya giza, macho yake hayana pengine pa kwenda. Kitabu nilikishika kando ya shavu langu, si mbele ya uso, ili wauone mdomo wangu na picha kwa pamoja. Ukurasa sikuufunua mpaka mtoto mmoja awe amegundua kitu kidogo ambacho mimi sikukitaja: mdudu juu ya jani, au chungu kilichopasuka nyuma ya nyumba ya fisi. Mtoto aliyegundua kitu chake mwenyewe ndani ya picha amekwisha kuingia, na humtoi tena.

Wala msimalizie hadithi kwa kuuliza, "Je, tumejifunza nini?" Hilo ni sawa na kumpa mtu chakula kisha kumshika tumbo.

Makosa yalikuwepo. Kitabu kimoja kilikuja kwa msaada kutoka nchi za mbali, na picha zake zote zilikuwa na kitu cheupe kilichofunika mapaa na miti. Watoto wakaniuliza ni nini. Nikakitazama kwa makini, nikawaambia ni unga wa sembe, gari lililoubeba limepinduka. Tukasimulia vizuri kabisa habari ya kijiji kilichopata unga wa bure, mpaka Mwalimu Adelina aliposikia na kunieleza kwamba ile ni theluji. Nikawarudia watoto nikawaambia, "Ni sakitu ya kule kwao, ila yao hulala hata mchana." Walikubali, maana sakitu, ule umande unaoganda majanini alfajiri, wanaijua, lakini walisikitika sana juu ya ule unga. Kuna waliokitaka kitabu cha unga mpaka walipomaliza chekechea.

Na kijana mmoja alirudi kunisalimu akiwa darasa la pili, akachukua kitabu chetu cha kuku na mwewe, akafuata maandishi kwa kidole, akakunja uso. "Bibi, mbona hapa hawakuandika kama ulivyokuwa unatusomea?"

"Wameandika vipi?"

"Wameandika kifupi."

"Basi walikuwa na haraka," nikamwambia. "Rudisha kitabu mahali pake."

Sasa nisikilizeni kwa makini zaidi, kwa sababu haya yote nimeyasema ili nifike kwa Atupele.

Atupele aliletwa msimu wa baridi, amevaa sweta jekundu lililomzidi mikono. Alitoka upande wa Mbeya, katika vilima vya Tukuyu, kwenye migomba na mvua zisizokoma. Alikuwa amelelewa na bibi yake, na bibi huyo alikuwa amefariki. Mama yake mdogo, Tusekile, akamchukua. Tusekile alikuwa mchuuzi wa nyanya. Alizifuata Ilula kabla ya mapambazuko na kuziuza Mlandege mpaka jioni, hivyo mtoto asingeweza kukaa nyumbani peke yake.

Mtoto yule hakusema neno. Hakuwa kiziwi, kwa sababu mlango ukilia aligeuka. Hakuwa mjinga, kwa sababu alijifunga viatu kabla ya wakubwa wake. Lakini ukimwita jina alikutazama tu, na usikuni, nilipotoa mwito na wenzake wote wakaitikia kwa sauti moja, yeye alikaa nje ya mkeka, magoti kifuani, mdomo umefungwa. Kila aingiapo alizunguka kwanza kandokando ya kuta, akichungulia pembeni kama mtu aliyepoteza kitu. Kisha akaenda kukaa mbali.

Muhula ulipokaribia kwisha, Mwalimu Adelina alimwita Tusekile, na mimi nikaitwa kusikiliza. Mwalimu hakuwa mkatili. Alisema, "Dada, darasa la kwanza watamwuliza jina lake, na asipojibu hawatampokea. Nami nafasi yangu moja inasubiriwa na watoto wengi. Akifunga muhula bila kutoa neno, itabidi umchukue."

Tusekile alinifuata hadi bombani, nilipokuwa ninasuuza vikombe. "Mama Edda, nikimtoa hapa nitampeleka wapi? Yupo ndugu yetu Mbeya mjini anamtaka. Amejifungua, anatafuta mtoto wa kumbebea mtoto wake."

"Huko atasoma?"

"Huko hakuna shule, mama. Kuna mgongo na mbeleko."

Nilisuuza vikombe vilivyokwisha kusuuzwa. Tangu siku ile kila nilipofungua kitabu nilikuwa ninamsomea yeye, na kila nilipoinua macho nilimwona vilevile, magoti kifuani. Nilijaribu sauti ya fisi, nilijaribu sauti ya kobe. Nilimwekea kitabu mapajani, naye akakirudisha miguuni pangu kwa heshima, kama kitu kisicho chake.

Kipo kitu kingine ambacho nilikiona na sikukitazama. Kila baada ya watoto kulala nilikuta kijiti chini ya kigoda changu, kijiti kikavu cha mlingoti, urefu wa mkono wa mtoto. Mimi ni mtu wa usafi, na watoto huingia na takataka. Nikafagia. Kesho yake kipo tena, nikafagia tena.

Mpishi wetu alikuwa Bi Tatu wa Mlandege, ambaye wazee wake walifika Iringa na biashara kutoka pwani wakalowea. Ulimi wake ulikuwa mtamu na mkali kwa wakati mmoja. Asubuhi moja aliniambia, "Shoga, kuni zangu zimeota miguu."

"Zimekwenda wapi?"

"Ningejua zilikokwenda ningezifuata, maana hapa moshi umenichosha."

Akaweka mtego wake, yaani alijificha nyuma ya mlango wa jiko, na saa ya uji ilipokwisha akamkamata mwizi. Nilipoitwa nilimkuta Atupele amesimama katikati ya jiko, kijiti mkononi, sweta jekundu limefunika vidole. Tusekile naye alikuwa ndiyo kwanza amefika kutoka sokoni, ndoo ya nyanya kichwani, kwa kuwa siku hiyo alitaka kuzungumza tena na Mwalimu Adelina. Mwalimu alikuwepo pia. Palikuwa padogo pale kwa watu wote hao na moto.

"Mwizi wangu huyu," Bi Tatu akasema. "Mdogo kama punje ya ulezi, na bado anachagua. Kavu anachukua yeye, mbichi ananiachia mimi nilie machozi."

"Hata hili tena?" Mwalimu Adelina akasema taratibu, na Tusekile akainamisha kichwa kadiri ndoo ilivyomruhusu.

"Anazipeleka wapi?" Tusekile akauliza.

"Chini ya kigoda changu," nikasema, na nilipokuwa ninalisema ndipo nilipolisikia. "Wakati wa hadithi. Nimekuwa ninazifagia."

Tusekile aliitua ndoo. "Kila siku?"

"Kila siku ya hadithi."

"Na moto wenu uko wapi?"

"Moto gani?"

"Mama Edda, mnasimulia usiku bila moto?"

Akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. "Kwa mama yangu hakuna mtoto aliyesikiliza hadithi mikono mitupu. Kila mmoja alikuja na kijiti chake akakitia motoni kwa mkono wake. Moto ukishakula, ndipo mama anafungua kinywa. Asiyetia kijiti anakaa kando, anasikia kwa mbali, na hana ruhusa ya kuitikia. Sisi wote tulikua hivyo. Huyu haibi. Anatafuta pa kukitia."

Basi nikaelewa kwa nini alizunguka kuta. Nilitengeneza usiku wenye nyota, wenye ukimya na wenye usingizi, nikasahau kitu ambacho usiku wa bibi yake haukuanza bila hicho. Mtoto alibisha hodi kila siku, na mimi nilimjibu kwa ufagio.

Mwalimu Adelina alikuwa mwepesi wa kutenda. "Kesho tuingize jiko la mkaa chumbani."

"Hapana, mwalimu," nikasema. "Chumba nimekiziba kila dirisha. Mkaa ndani ya chumba kilichozibwa huwalaza watoto usingizi wasioamka." Nanyi vijana mnaosikia baridi ya Iringa, lishikeni hilo hata kama mtasahau mengine yote.

"Basi itakuwaje?"

Tukamtazama Bi Tatu. Bi Tatu akaitazama sufuria yake. "Jikoni kwangu? Jeshi lote lile? Na mandazi yangu yatalindwa na nani?"

"Na Mungu," nikamwambia.

"Mungu ana kazi nyingi, shoga." Lakini alikwisha kuanza kuvuta magunia ya mkaa kando ili pawe na nafasi.

Kesho yake ukungu ulishuka mzito mpaka bendera ya shule haikuonekana, na adhuhuri ikawa kama magharibi bila msaada wa mablanketi yangu. Jiko lile lilikuwa banda la mabati, wazi upande mmoja, kuta zake nyeusi na laini kwa masizi ya miaka. Siku ile hadithi tuliitanguliza kabla ya uji, tukawaambia watoto kila mmoja aokote kijiti chini ya milingoti. Walikuja wakinukia unyevu na majani, nywele zao zina matone madogo ya ukungu, wakatia vijiti vyao chini ya sufuria kwa zamu. Moto ulipokea kila kimoja na kunyanyuka kidogo. Hakuna aliyewaambia wanyamaze.

Atupele alikuwa wa mwisho. Alichuchumaa, akakisogeza kijiti chake kati ya mafiga mawili, akangoja. Kilikuwa na ubichi, hakikushika upesi. Ncha yake ilitoa povu, ikatoa moshi, kisha mwali mdogo ukaipanda. Akarudi nyuma, na kwa mara ya kwanza akakaa juu ya mkeka, bega kwa bega na wenzake.

Nilikishika kitabu cha kuku na mwewe kando ya shavu langu, nikanyamaza.

Hapa pana ufundi wote wa kazi yangu, na ndio mgumu kuliko sauti za wanyama: kungoja. Siku hizi simu zenu zinasimulia hadithi nzuri, zenye rangi na muziki, sizikatai. Lakini simu haingoji. Humaliza hadithi hata kama mtoto hajaingia.

"Bibi, anza," mmoja akasema. Sikuanza.

"Mama Edda, uji utashika chini," Bi Tatu akanong'ona.

"Koroga."

Moto ulilia kidogo. Ukungu uliingia bandani kwa upande ule ulio wazi, ukakutana na moshi, na sisi tuliokaa katikati tukawa kama watu wanaoonana ndotoni. Kuku wa kitabuni alinitazama kwa jicho lake moja. Nilidhani nimekosea tena, na kwamba mtoto yule atakwenda kubeba mtoto wa watu.

Ndipo niliposikia sauti nisiyoijua, kavu, kama mlango wa ghala ambalo halijafunguliwa tangu mavuno.

"Moto umeshakula," alisema Atupele. "Sema."

Mtoto aliyekuwa karibu naye akageuka. "Kumbe una sauti," akasema, bila mshangao mkubwa, kama mtu aonaye mwenzake ana mfuko kwenye sweta. Bi Tatu alitugeuzia mgongo, akakoroga uji uliokwisha kukorogwa. Mwalimu Adelina alikuwa amesimama penye ukungu, na nilipotazama tena hakuwepo. Jina la Atupele halikufutwa katika daftari la shule.

Nami nikasema. Nilitoa mwito, na katika sauti zilizoitikia ilikuwepo moja yenye kutu, iliyochelewa kidogo nyuma ya wenzake. Tangu siku ile hadithi zilihamia jikoni, usikuni pakabaki pa usingizi. Msidhani aligeuka kasuku. Kwanza alisema jikoni tu, na kwa moto tu. Baadaye akasema bombani. Darasa la kwanza walipomwuliza jina, Tusekile aliniambia, alilitaja jina lake, la bibi yake, na la kuku wa kitabuni.

Sasa Atupele ni mama, anaishi Mbeya kwa hiari yake, na anao watoto wawili. Hunipigia simu jioni, giza likishaingia huko kwake na huku kwangu, akawawekea watoto simu masikioni. "Bibi, tumeshatia kuni," husema. Mimi najua kwamba anapika kwa gesi. Siku moja nikamwuliza vijiti huvitia wapi. Akasema huviweka katika sahani, katikati ya mkeka, na hungoja kidogo. Nilitaka kumkemea, kisha nikaona kwamba kungoja kupo. Moto wa namna hiyo nao, nadhani, unakula.

Imani, geuka utazame dirishani. Jua limekwisha kuingia nyuma ya kilima, na yale ninayoruhusiwa kuyasema mchana yamekwisha. Funga daftari. Waite wadogo zako walioko uani, waambie bibi yupo jikoni anawangoja, na asije mtu mikono mitupu.